Umri wa Mkalimani

Sentensi iliyomshinda Kirezi ilikuwa ya nne.

Tatu za kwanza alizitafsiri bila kuinua macho: jina la mama yake, Kanyana, kazi yake, kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee pale Clintonville, na mwaka alioingia Columbus na mumewe na mtoto wao mmoja, wakitokea kambini Burundi. Kanyana alikuwa amesimama jikoni akikoroga maharage, mwiko mkononi. Akasema ya nne.

"Andika hivi: daktari hakutuambia kama mume wangu alikuwa anakufa."

Vidole vya Kirezi vikasimama juu ya kompyuta.

"Umeandika?"

"Bado."

"Donc, andika. Patricia anataka karatasi kesho kutwa."

Patricia alikuwa wa kabila la Washi, mzaliwa wa Bukavu, aliyesomea sheria hukohuko Columbus, akifanya kazi katika shirika dogo la wakimbizi. Majuma matatu nyuma alikuwa amesimama kanisani baada ya ibada na kueleza kwamba kuna muswada mbele ya bunge la jimbo. Ukipita, hospitali za Ohio hazitaruhusiwa kumtumia mtoto kuwa mkalimani. Zaidi ya hapo, kila daktari atakapozungumza na mgonjwa kupitia mtu wa tatu, itabidi iandikwe kwenye faili ni nani aliyetafsiri na ana umri gani. Aliuliza ni nani kati yao ambaye mtoto wake aliwahi kumtafsiria hospitalini. Mikono ikainuka kanisa zima. Akauliza tena ni nani atakayekwenda kusema hayo mbele ya kamati. Mikono ikashuka mmoja mmoja, ukabaki wa Kanyana peke yake.

Watu walidhani ni ushujaa. Ilikuwa hasira. Semahoro, mumewe, alikufa katika hospitali moja ya mji huo miaka sita iliyopita, na tangu siku ile Kanyana alikuwa akimwekea daktari yule kinyongo. Alimkumbuka vizuri, kijana mrefu mwenye miwani, aliyeketi ukingoni mwa kitanda na kusema maneno mengi kwa upole. Kirezi alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo. Simu ya wakalimani ilikuwa na foleni, muuguzi akamtazama msichana na kumuuliza kama anajua Kiingereza. Akasema anajua.

"Mama," Kirezi akasema sasa.

Tangu aingie shule za Marekani, mama akimsemesha Kiswahili yeye hujibu Kiingereza, nao wote wawili walikwisha kuzoea hivyo. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani.

"Daktari alisema. Aliniambia mimi. Mimi ndiye sikuwaambia."

Kanyana alizima jiko. Akavuta kiti, akaketi, mwiko ungali mkononi ukidondosha mchuzi sakafuni.

"Alisema nini? Niambie yote kama alivyosema."

"Alisema ini limejaa ugonjwa. Alisema wiki mbili, labda tatu. Alisema kama kuna watu baba anataka kuwaona, waitwe sasa hivi. Akauliza kama anapenda kukaa hospitali au kurudi nyumbani."

"Na wewe ukatuambia nini?"

"Nikawaambia dawa hii ni kali, itamchosha, lakini tuwe na subira."

Neno hilo subira Kanyana alilikumbuka. Semahoro alikuwa amelipokea kwa kutikisa kichwa, akamwambia daktari "asante" kwa Kiingereza, na daktari akamshika bega kwa muda mrefu. Kanyana alishangaa siku ile kwa nini mtu ashikwe bega kwa ajili ya dawa. Baada ya hapo alirudi kazini, kwa kuwa wakati ulikuwepo. Shemeji yake Mutware, kaka mkubwa wa Semahoro aliyekuwa akiishi Buffalo, alipopiga simu kuuliza kama aje, alimwambia asipoteze siku za kazi, aje Pasaka. Siku ya kumi na sita Semahoro alikata roho saa nne asubuhi, na Kanyana alikuwa Clintonville akimvalisha bibi mmoja soksi.

"Umeninyima siku kumi na sita," Kanyana akasema.

 Kirezi alifunga kompyuta, akaingia chumbani, na maharage yakapoa bila mtu kuyala.

Siku mbili hawakusemeshana ila kwa mambo ya lazima: funguo, basi, taka za kutoa nje. Kanyana alimpigia Patricia akamwambia karatasi haitakuwa tayari. Patricia hakumsukuma. Alisema kikao cha mashahidi wanaounga mkono kimeahirishwa hadi Jumanne ijayo, na kama atabadili mawazo, ushahidi wa maandishi ufike kabla ya Jumatatu saa sita mchana.

Ijumaa, kule kazini, mzee mmoja aliyekuwa chini ya uangalizi wa Kanyana alipata habari mbaya za moyo wake. Kanyana aliona jinsi habari ile ilivyoletwa. Walikuja watu watatu, daktari, muuguzi, na mama mmoja ambaye kazi yake ni kuketi na wenye huzuni. Walifunga mlango. Wajukuu wa mzee walitolewa nje, wakaketi ukumbini karibu na mashine ya soda. Mmoja wao, msichana mwenye vyuma vya meno, alikuwa akijaribu kufungua pakiti ya biskuti na kushindwa. Kanyana alimsaidia.

"Una miaka mingapi?" akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kazini.

"Kumi na mitatu."

Kanyana akamtazama. Alikuwa na wino mkononi, michoro ya nyota aliyojichora mwenyewe. Soksi moja ilikuwa juu, nyingine imeshuka. Alikuwa mdogo sana. Kanyana alipeleka kipande cha pakiti alichokichana hadi kwenye kapu la taka na kusimama pale muda mrefu kuliko taka ilivyohitaji. Kirezi wake alikuwa mdogo hivyohivyo. Yeye ndiye aliyemwona mkubwa, kwa sababu alijua Kiingereza.

Jioni hiyo alimkuta Kirezi akikunja nguo.

"Nilisema neno baya," akamwambia. "Hukuninyima wewe. Walikubebesha mzigo wa watu wazima, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama hapo, sikuona."

Kirezi aliendelea kukunja shati lilelile mara tatu.

"Kesho tunaenda Buffalo," Kanyana akasema. "Siwezi kusema haya mbele ya wabunge kabla baba yako mkubwa hajayasikia. Na haya si maneno ya simu."

Waliondoka asubuhi, Kirezi akiendesha, wakapita Cleveland na Erie wakiwa na chapati na chai ya chupa. Ni mwendo wa saa tano. Mutware alikuwa akiishi mtaa wa Riverside, katika nyumba ndogo ya mbao iliyokuwa karibu na mto Niagara, na alifanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu maziko ya mdogo wake, alimsalimu Kanyana kwa heshima zote na hakumwambia jambo lolote la maana. Alikuwa ameliona jeneza tu. Kwa mawazo yake, mke wa Semahoro alijua na akamficha, na ukoo hausahau jambo kama hilo.

Aliwapa viti, akawapa maziwa. Kanyana akamweleza kwa ufupi, bila kupamba. Alipofika kwenye maneno ya daktari alisimama, akamwangalia binti yake, na Kirezi akamalizia mwenyewe, akichanganya Kinyamulenge, lugha yao ya nyumbani, na Kiswahili, akikosea na kujisahihisha.

Mutware alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliinuka, akachukua koti, akatoka. Kupitia dirishani walimwona akishuka kuelekea mtoni. Ilikuwa Aprili, na barafu ya Ziwa Erie, iliyozuiliwa majira yote ya baridi, ilikuwa imeachiliwa iingie mtoni. Mapande yake meupe yalishuka na mkondo, yakigongana.

"Ameniudhikia," Kirezi akasema.

"Mwache atembee."

Alirudi baada ya nusu saa, pua nyekundu kwa baridi. Hakuketi.

"Ningekuja," akasema. "Hiyo lazima niiseme. Ningetoka usiku uleule, ningemwona, tungesema mambo yetu."

"Ndiyo, baba mkubwa," Kirezi akasema.

"Bon. Hilo limekwisha." Akavua koti. "Sasa sikia na hili. Baba yangu alipofariki kule milimani, mimi ndiye niliyetumwa kwa shangazi. Mwendo wa siku nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanaume, nina ndevu. Nilipofika nikasema, mzee anaumwa kidogo, twende. Sikuweza kulitoa lile neno. Shangazi alilijua alipoona nyumba imejaa watu. Sisi wakubwa kifo hatukisemi kwa mdomo wazi, tunakizungushia. Halafu wewe mtoto wa kumi na mitatu uwekwe mbele ya kitanda, uambiwe kiseme?" Akatikisa kichwa. "Mama Kirezi, nami nimekuwekea jambo moyoni miaka sita. Nilikukosea."

"Hukujua, shemeji."

"Sikuuliza vilevile." Hapo ndipo akaketi. "Nendeni mkaseme huko. Yote. Na jina la mdogo wangu mlitaje, asiwe mgonjwa asiye na jina."

Walilala Buffalo, Jumapili wakarudi. Njiani Kirezi alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akafungua kompyuta, na mama yake akamwambia sentensi ya nne upya. Sasa ilikuwa hivi: daktari alisema ukweli, lakini alimwambia mtoto.

Jumanne Kanyana aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la kanisani, akapanda basi la High Street hadi katikati ya mji. Kirezi alikuwa naye. Mlangoni mwa bunge walipitisha mikoba kwenye mashine, wakapanda hadi chumba cha kamati, ambako viti vya wasikilizaji vilikuwa vichache na nusu yake vimekaliwa na wanaume wenye tai waliokuja kwa miswada mingine. Patricia aliwapokea. Pamoja naye alikuwa Azarias, Mrundi wa makamo, mkalimani mwenye cheti.

"Mimi naweza kumtafsiria mama," Kirezi akasema.

"Leo si wewe," Kanyana akajibu.

Kulikuwa na shida ndogo. Kila shahidi alipewa dakika tatu, na dakika hizo zilihesabiwa kwa saa iliyokuwa juu ya meza, iwe unasema mara moja au maneno yako yanasemwa mara mbili. Patricia alimwendea karani, karani akamnong'oneza mwenyekiti, mama mmoja mwenye mvi na sauti ya mwalimu. Mwenyekiti akasema haoni kwa nini mtu apunjwe kwa kuwa na lugha mbili, na akaamuru dakika sita.

Kanyana hakuzimaliza. Alisema jina lake na jina la Semahoro. Alisema kuhusu foleni ya simu, muuguzi aliyekuwa na haraka, daktari mpole. Alisema daktari yule alimkuta mgonjwa ametulia baada ya kuambiwa atakufa, akadhani amemwona mtu jasiri, kumbe alikuwa amemwona mtu aliyeambiwa awe na subira. "Siku hizi simlaumu," akasema. "Lakini kama muuguzi angelazimishwa kuandika kwenye faili, mkalimani ni binti wa mgonjwa, miaka kumi na mitatu, nafikiri kalamu yake ingesita. Na kalamu ikisita, mtu hufikiri."

Mjumbe mmoja wa wilaya ya mashambani aliomba kuuliza swali kupitia kwa mwenyekiti, kama ilivyo desturi yao. Hakuwa mkali. Alisema hospitali ya kwao ina vitanda ishirini na vitano. Mgonjwa akija hoi, mtandao umekatika, na wa pekee anayejua Kiingereza ni mtoto wake, je, mama huyu anataka muuguzi anyamaze?

Azarias alitafsiri. Patricia, nyuma, alikunja uso, kwa maana swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

"Hapana, asinyamaze," Kanyana akasema. "Nyumba ikiungua, hata mtoto anaita watu. Amtumie. Lakini aandike kwamba ni mtoto, na aandike miaka yake. Halafu kabla siku haijaisha aje mtu mzima ayarudie yale maneno tangu mwanzo. Sisi hatukurudiwa. Tulikaa siku kumi na sita."

Mjumbe yule aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema asante.

Kanyana alidhani wamemaliza. Alikuwa ameanza kuinua mkoba wake aliposikia mwenyekiti akiita jina la shahidi mwingine, akalitamka vibaya: Kirezi. Binti yake alikuwa amejaza fomu yake mwenyewe bila kumwambia. Akapita mbele ya magoti ya wale wenye tai, akaketi mbele ya kipaza sauti, akaanza kusema kwa Kiingereza, haraka, kile Kiingereza cha shule ambacho Kanyana alikishika nusu kikamponyoka nusu.

Kanyana akamgusa Azarias kiwiko.

"Anasema nini?"

Azarias akainama na kumtafsiria mama maneno ya mtoto wake sikioni, neno kwa neno, kwa sauti ya chini.

"Anasema, ini sikujua linaitwaje kwa lugha ya nyumbani. Hilo ningeweza kusamehewa. Lakini wiki mbili nilijua. Mbili nilijua, wiki nilijua. Anasema, nilimtazama baba, naye alikuwa ananitabasamia kwa sababu alijivunia jinsi ninavyosema Kiingereza na daktari. Nikashindwa. Anasema, tangu siku ile kila mtu akinisifu kwa Kiingereza changu, naona aibu. Anasema, hakuna aliyeniuliza kama naweza. Waliniuliza tu kama najua."

Kanyana alimwambia Azarias inatosha, kisha akamwambia aendelee.

Hakuna mjumbe aliyemuuliza Kirezi swali. Mwenyekiti alimshukuru kwa jina lake, safari hii akilitamka sawasawa. Nje, kwenye ukumbi wa mawe, Kanyana akamfunga Kirezi kifungo cha koti kilichoachwa wazi, wakaenda kutafuta chakula.

Mambo yalivyokwenda baadaye ni haya. Mjumbe wa vitanda ishirini na vitano alileta marekebisho: wakati wa dharura mtoto anaweza kutafsiri, ila iandikwe, na mkalimani mtu mzima ayarudie mazungumzo ndani ya saa ishirini na nne. Patricia alisema ni maneno ya Kanyana yaliyovalishwa suti. Muswada ukapita kamatini, ukapita bunge la chini mwezi Juni kwa kura nyingi. Kisha ukaenda seneti, ukakaa. Septemba ulikuwa bado umekaa. Desemba muhula ukaisha, na kwa sheria ya pale, muswada ambao haujamalizika hufa pamoja na muhula wake.

Kanyana alipata habari hizo akiwa Louisville, alikokwenda kwa Noeli kwa dada yake Mukabutera, mkazi wa mtaa wa Beechmont. Wanawake wa kanisa la pale walikuwa wamesikia habari zake, wakamwita awaeleze, maana Kentucky nayo ina bunge lake. Walikuwa kumi na wawili sebuleni, wengine wakitoka moja kwa moja zamu ya ghala, viatu vya kazi vimepangwa mlangoni.

"Sasa huo muswada wenu ulipita?" mmoja akauliza.

"Ulikufa juzi," Kanyana akasema.

Wakacheka kidogo, si kwa furaha. Mukabutera akaona haya kwa ajili ya dada yake, akataka kubadili mazungumzo.

"Kwa hiyo ulijisumbua bure," yule mwanamke akasema.

Kanyana alifikiri. Hakutaka kuwadanganya; gharama ya kuzungusha maneno alikuwa amekwisha kuilipa vya kutosha. "Sheria sijapata," akasema. "Nilipata binti yangu, na shemeji yangu. Sheria nitairudia. Patricia anasema ikirudi inapewa namba mpya, lakini maneno ni yaleyale. Chukueni kalamu, niwaonyeshe fomu inavyojazwa. Ya kwenu haitakuwa tofauti sana."

Aliwaonyesha. Ilichukua mchana wote, kwa kuwa kila mmoja alipofika mahali pa kueleza sababu, alianza kusimulia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatiza.

Februari muswada ulisomwa upya Columbus, na Machi kikao cha mashahidi kikatangazwa. Orodha ilikuwa na majina saba, na la tano lilikuwa la Mutware. Alikuwa ameomba siku mbili kiwandani. Jumatatu alasiri alipiga simu kutoka barabarani, upande wa Erie, upepo ukivuma dirishani mwake.

"Mama Kirezi, nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Ni mwingi?"

"Ni dakika tatu, shemeji. Kata nusu."

"Nikate wapi? Yote ni kweli."

"Njoo, tutakata pamoja."

"Sawa. Na gari kesho nitaliweka wapi?"

"Kwenye maegesho yaliyo chini ya bunge lenyewe," Kanyana akasema. "Kuna nafasi nyingi."